Jicho la Kushoto

Bibi harusi aliporudi studio hakuja na mumewe. Alikuja peke yake, miguuni kandambili, usoni hali ya mtu ambaye usingizi umemkimbia kwa muda mrefu. Mama Studio, aliyekuwa nyuma ya kompyuta akipunguza picha za pasipoti, alimtambua kwa sauti kabla ya sura, maana siku ya harusi sauti ile haikuacha kucheka. Sasa ilikuwa imeshuka chini kabisa. Msichana alisalimia, akaketi kwenye benchi la wateja, akasema baba yake amefariki.

Mzee Lenzi, mumewe Mama Studio, aliweka chini kitambaa alichokuwa akifutia taa, akaja kuketi karibu naye. Alimpa pole, akamwuliza ilikuwaje. Baba alilalamika kifua asubuhi, msichana akaeleza, na jua lilipofika utosini hakuwepo tena. Harusi yenyewe ilikuwa ya juzi tu. Zawadi nyingine walikuwa hawajazifungua. Alichokuja kutaka ni ile picha ya mlangoni, pale baba alipomshika mkono kabla hawajaingia ukumbini. Ikatwe abaki baba peke yake, sura na mabega, ikuzwe, iwekwe kwenye fremu ya kutundika sebuleni. Picha za baba nyumbani zilikuwa za kuhesabika, kwa sababu mzee yule akiona kamera alikuwa anaanza kujipapasa mifukoni kama aliyepoteza ufunguo.

"Siku ile hakukwepa," msichana akasema. "Ndiyo maana naitaka ile."

"Utaipata, mwanangu," Mzee Lenzi akamwambia. "Na atakuwa baba yako mwenyewe. Hapa hatuchori watu. Kilichokuwa mbele ya kamera ndicho kilichomo kwenye picha."

Nyuma ya kompyuta, mkono wa mkewe ulisimama juu ya kipanya.

*

Studio ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Mbele kulikuwa na kaunta, benchi, na kabati la vioo lenye fremu za kuuza. Nyuma kulikuwa na kitambaa cha bluu cha mandhari, kiti cha kuzunguka, na taa mbili, moja ikiwa imefungwa shingo kwa gundi ya karatasi. Mume alipiga, mke alisafisha. Ndivyo walivyogawana kazi tangu binti yao yuko mgongoni, na hadi sasa binti mwenyewe ana kazi yake mji mwingine.

Kwenye kazi hiyo Mzee Lenzi alikuwa na sheria zake, na mtaa mzima ulizijua. Kuongeza mwanga, ruhusa. Kurekebisha rangi, ruhusa. Kwake hilo lilikuwa sawa na kufungua dirisha ili chumba kionekane. Lakini kuongeza kisichokuwepo, au kuondoa kilichokuwepo, huo alikuwa akiuita wizi. Bibi harusi mmoja aliwahi kumwomba ampunguze kiuno. Alimjibu kwa upole kabisa kwamba kwa kazi hiyo angepitia kwanza kwa fundi cherehani. Yule dada akaondoka, akaondoka na marafiki zake wote waliokuwa wanangoja kuolewa. Na kwenye mkutano wa chama cha wapigapicha, vijana walipoonyesha programu za akili bandia zinazotengeneza sura nzima kwa kubonyeza mara moja, alisimama akasema mtu wa namna hiyo ni kama mpishi anayenunua chakula barabarani akakimimina kwenye sufuria yake. Aache kujiita mpigapicha. Walimpigia makofi. Alirudi nyumbani akamsimulia mkewe neno kwa neno, na mkewe alimsikiliza akiwa amempa mgongo, anakunja nguo.

Alimpa mgongo kwa sababu wakati huo alishaanza.

Ilianza na lenzi. Wenzake walikwisha kuhamia kwenye kamera zinazojitafutia sura zenyewe, lakini yeye alishikilia lenzi yake nzito ya kuzungusha kwa mkono, ile iliyompa jina. Mama Studio alianza kuona picha zinazotoka na ukungu: sura ya mtu laini kama imefutwa na kiganja, na ukuta ulio nyuma yake uko wazi kiasi cha kuhesabu matofali. Akadhani lenzi imezeeka. Kisha siku moja walikuwa wanapita kwa fundi cherehani, na mumewe akasimama kumsalimia mwanamke aliyekuwa mlangoni. Alimwuliza hali, akamwuliza na watoto. Alikuwa ni sanamu ya kuonyeshea nguo. Alipogundua alicheka, akasema alikuwa anamtania fundi. Fundi akacheka. Mama Studio naye akacheka, na walipofika nyumbani akaingia bafuni, akafungulia bomba la maji, akalia.

Alijaribu kumgusia habari za macho. Akajibiwa kuwa ni miwani tu, atabadilisha. Akagusia tena, jibu likawa lile lile na fupi zaidi. Naye hakutaka kusukuma, kwa sababu alijua kitu ambacho kingefuata. Yale macho ndiyo yaliyolipa kodi ya chumba. Ndiyo yaliyowafanya watu wamwite kwa jina akipita. Ungeyaondoa, ungebaki na mwanamume mzima aliyeketi nyumbani anasikiliza redio.

Binti yao alipokuja likizo aliwawekea programu ya kurudishia rangi picha za zamani. Ndani yake kulikuwa na sehemu ya kunoa sura. Siku picha za harusi moja zilipotoka zote zimeharibika, na mteja anapiga simu kila saa, Mama Studio aliijaribu. Alibonyeza, akangoja kidogo, na kwenye ule ukungu yakatokea macho, yakatokea na kope, na kila jino likajitenga na mwenzake. Mteja alipokuja kuchukua alimkumbatia. Kwa hiyo akafanya kwa mteja wa pili, na wa baada yake, akijiambia kwamba anafuta kioo tu, hana analoongeza. Hakutaka kufikiria kwamba mashine ile haikuwahi kuwaona watu wale. Pale kamera ilipokosa, mashine ilibuni: ilimpa kila mtu macho mazuri ya kawaida, kama walivyo nayo watu wengi.

*

Mzee Lenzi alipotoka kwenda kununua karatasi za kuchapia, mkewe alizifungua picha mbili kwenye kioo cha kompyuta, bega kwa bega. Upande mmoja ile iliyotoka kwenye kamera, upande mwingine ile aliyompa mteja.

Katika ile ya kwanza pazia la mlangoni lilikuwa kali kila uzi, na baba wa bibi harusi alikuwa kivuli cha mtu. Hata hivyo kuna kitu kilionekana upande wa kushoto wa uso, giza dogo, kama jicho lililofumba nusu. Huenda alikuwa anapepesa. Katika ile ya pili macho yote mawili yalikuwa wazi, sawasawa, yenye nuru ndani yake.

Alijaribu kumkumbuka mtu mwenyewe. Alikumbuka viatu vyake, vilivyopigwa rangi mpaka vikang'aa. Alikumbuka kwamba mzee yule alimwuliza kwa aibu kama tai imekaa sawa, naye akamnyooshea kwa mkono wake. Alisimama naye karibu kiasi hicho. Lakini kila alipotafuta uso, uliokuja ulikuwa ni huu wa kwenye kompyuta. Hilo lilimtisha kuliko yote. Mashine ilikuwa imeukalia uso wa marehemu hata ndani ya kichwa chake yeye.

Angeweza kusema faili limepotea. Angeweza kumweleza mumewe akirudi. Alisikia viatu vyake mlangoni, na sauti yake ikimtania muuza maji, yenye furaha ya mtu aliyepewa kazi ya heshima. Akaikata ile ya pili, akaichapa.

Mzee Lenzi aliitia kwenye fremu mwenyewe. Alifuta kioo kwa pindo la shati, akainyoosha mbele yake kwa mikono yote miwili.

"Mtazame alivyotulia," akasema.

"Ndiyo," mkewe akasema.

*

Bibi harusi alikuja kuichukua pamoja na shangazi yake, dada wa marehemu, mwanamke mrefu aliyeanza kupinda mgongo, mwenye mkoba alioubana kwapani kama anayesafiri. Kwenye benchi kulikuwa na wateja wawili wanaongoja picha za pasipoti. Msichana alipoona fremu alianza kulia, akaikumbatia. Shangazi alingoja amalize, akaipokea, akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga. Alikaa nayo pale muda. Aliporudi aliilaza juu ya kaunta.

"Mmemtengeneza vizuri," akasema. "Nani huyu?"

"Shangazi, ni baba."

"Naona suti ya baba yako. Naona na tai. Lakini kaka yangu jicho lake la kushoto lilikuwa limelala. Hili limesimama kama askari mlangoni."

Mzee Lenzi hakukasirika. Alimweleza taratibu, kama alivyozoea kuwaeleza wateja, kwamba mwanga ukimpiga mtu kutoka upande fulani uso hufunguka, na kwamba furaha nayo hufungua uso, na siku ile mzee alikuwa na furaha. Shangazi alimsikiliza hadi mwisho.

"Ndugu yangu," akasema, "jicho lile nililiumiza mimi. Nilirusha jiwe tukiwa watoto, sikumlenga yeye. Nimeliangalia kila tulipokutana mpaka siku tuliyomzika. Usinieleze habari za mwanga."

Msichana aliinamia fremu tena. Waliona uso wake ukibadilika. Alisema kwa sauti ndogo kwamba picha hii anayo kwenye simu, kwamba tangu msiba anaitazama kila anapoamka, na hakuona. Jicho la baba yake mwenyewe, na hakuona. Alirudia hivyo, kana kwamba kosa ni lake.

Hapo ndipo Mzee Lenzi alipoumia, kwa ajili ya yule msichana na kwa ajili ya jina lake. Alimwambia mkewe afungue picha ya asili, ile iliyotoka kwenye kamera haijaguswa na mtu, ili wajionee wenyewe. Alisema kwa uhakika kabisa. Wale wawili wa kwenye benchi nao wakasogea.

Uongo ulikuwa tayari mdomoni mwa Mama Studio: faili limekufa, diski ilipata hitilafu. Angesema tu, na pengine yangeisha. Lakini msichana alikuwa bado anaisugua fremu kwa kidole, pale penye jicho, kama anayetafuta kitu chini ya kioo. Mama Studio akafungua picha.

Pazia lilitokea kali kila uzi, na baba akawa ukungu. Mzee Lenzi aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. Akanyooka. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akainama tena. Kisha akamgeukia mkewe, akamwuliza kwa sauti ya chini, ya mume na mke wakiwa peke yao:

"Mama, ni macho yangu au ni picha?"

"Ni picha," mkewe akasema. Na kwa kuwa alishaanza, akamalizia. "Na macho pia."

"Na hii ya kwenye fremu?"

"Nimeinoa kwa programu. Ule uso ni wa mashine."

Mmoja wa wale wa benchi alikohoa, akasema yeye atapita siku nyingine, maana picha za pasipoti wanazikagua sana. Mwenzake akamfuata. Mzee Lenzi alivuta droo, akatoa pesa aliyolipwa, akamnyooshea msichana. Msichana hakuipokea. Shangazi ndiye aliyeichukua, bila hasira, akaitia kwenye mkoba wa mpwa wake, akamshika kiwiko watoke. Mlangoni msichana aligeuka.

"Kwa hiyo sina picha ya baba?" akauliza.

Mzee Lenzi alisukuma droo ikafunga.

*

Mzee Lenzi alifunga mlango mchana kweupe, kitu ambacho hakuwahi kufanya isipokuwa siku za misiba. Alipita nyuma ya pazia, akakaa kwenye kile kiti cha kuzunguka, mahali wanapokaa wateja, mbele ya kitambaa cha bluu. Mkewe alibaki amesimama. Alimngoja apaze sauti, na ingekuwa nafuu kama angepaza.

Alianza kumwuliza picha moja moja. Ile ya wauguzi?

"Mashine."

Ile ya mwalimu mkuu alipostaafu?

"Hiyo yako. Mlikuwa juani, uliipata."

Na ile kubwa ya dirishani, ambayo wapita njia husimama kuitazama? Mkewe hakujibu, na Mzee Lenzi akaitikia kwa kichwa taratibu, kama aliyesomewa hesabu akakuta iko sawa.

"Nilisimama mbele ya watu nikawatukana vijana wa watu," akasema. "Nikaja kukusimulia. Ukaninyamazia."

"Ulikuwa umefurahi. Ulikuwa hujafurahi muda mrefu."

"Ulinionea huruma."

"Nilikuogopa. Niliogopa ningekuambia, ungeiweka kamera chini usiiokote tena."

Alisema na mengine. Kwamba mwenye nyumba alikuwa anapandisha kodi, kwamba wateja walikuwa wameanza kunong'ona, kwamba kila mara alijiambia hii ndiyo ya mwisho. Alisema anajua kwamba hakumdanganya mteja peke yake. Mumewe alikuwa anazungusha kiti kidogo huku, kidogo kule, kama wafanyavyo watoto wakiletwa kupigwa picha za shule.

"Nilijua," akasema.

Mkewe akamtazama.

"Si habari za programu. Habari za macho. Nilimsalimia sanamu, mama. Nikamwuliza na watoto." Kidogo alitaka kutabasamu, ikashindikana. "Nikawa nabonyeza, sioni ninachobonyeza. Halafu picha zinatoka safi. Nikajiambia, mkono bado unajua. Moyoni nikasema usiulize. Ukiuliza utajibiwa."

Mama Studio alivuta kreti la soda, akaketi karibu na magoti yake. Vifungo vya shati la mumewe vilikuwa vimepishana, kila kimoja kwenye tundu la mwenzake, na ukosi umepanda upande mmoja. Asubuhi aliona, akanyamaza, kama alivyokuwa ananyamazia mengine. Alianza kuvifungua kutoka juu, akavifunga upya, na mumewe aliinua kidevu kumpa nafasi.

*

Daktari wa macho hakuchukua muda. Alimulika, akaandika, akasema ni mtoto wa jicho, tena macho yote mawili.

"Mapacha," Mzee Lenzi akasema. "Na uzee huu."

Mama Studio alicheka mpaka muuguzi akachungulia. Alikuwa hajacheka hivyo kwa muda, na machozi yakamtoka, akawa hajui ni ya lipi. Waliambiwa yanapasuliwa, ni kazi ya kawaida, ila foleni ni ndefu, wataitwa. Kumbe kitu walichokikimbia kwa kudanganyana kilikuwa na jina, tena na dawa.

Kutoka hospitali Mzee Lenzi hakutaka kwenda nyumbani. Alisema kuna mahali pa kwenda kwanza, na mkewe hakuuliza ni wapi.

Nyumbani kwa marehemu walipokewa na bibi harusi na shangazi yake, wakapewa viti. Mzee Lenzi hakukaa. Aliomba radhi akiwa wima, akasema picha iliharibika mkononi mwake, si mwa mkewe. Mama Studio akamkatiza, akasema aliyebonyeza ni yeye na aliyenyamaza ni yeye. Walianza kunyang'anyana kosa mbele ya wenyeji, mpaka shangazi akawaambia waketi, watachosha watu.

Alikuwa na kitu cha kuwaonyesha. Baada ya siku ile aliwapigia ndugu wote waliohudhuria harusi, kila mmoja afukue kwenye simu yake. Nyingi zilikuwa za keki na za wanaocheza. Lakini binamu mmoja, katikati ya kula, alikuwa amempiga picha mjomba wake ghafla. Mzee ameinua uso kutoka kwenye sahani, punje ya wali iko kidevuni, jicho la kulia linauliza kuna nini, la kushoto limelala zake.

Mzee Lenzi aliisogeza simu mpaka karibu na pua. Aliitazama muda, mtu aliyekula jasho la kazi hii tangu ujana, akitazama picha iliyopigwa na msichana mwenye chakula mdomoni.

"Hii ndiyo picha," akasema. "Naomba niichape mimi. Fremu ninayo."

Mama Studio akaona hawezi kunyamaza tena, hata kwa dogo. Alisema lazima wajue kwamba simu nayo imegusa. Simu za siku hizi hulainisha ngozi bila kuombwa, na hapa imemlainisha mzee mashavu. Ya asili isiyoguswa haipo. Wote wakamgeukia shangazi, kana kwamba ndiye hakimu.

"Ngozi si neno," shangazi akasema baada ya kufikiri. "Chunusi zilimsumbua tangu ujana, hawezi kuzidai. Jicho lipo?"

"Lipo."

"Basi chapeni."

Walipokuwa wanaaga, bibi harusi aliwaomba wamletee na ile nyingine, ile yenye ukungu, ndogo tu ya kuweka kwenye mkoba. Hakueleza ni ya nini, na hawakumwuliza.

*

Mzee Lenzi alirudi kwenye chama cha wapigapicha, akasimama pale pale aliposimama mara ya kwanza, akawaeleza. Kijana mmoja alicheka. Mwingine, ambaye ndiye aliyetukanwa zaidi, alimletea kiti. Kisha yeye na mkewe wakaanza kuwapigia wateja: picha yako uliyochukua ilinolewa na mashine, ukitaka ya asili njoo tukupe bure. Kwa Mama Studio hizo zilikuwa simu ngumu kuliko zote alizowahi kupiga, na majibu hayakuwa aliyoyatarajia. Wachache walikuja wakanuna, wakataka pesa. Wengi walisema ya asili haina kazi, wabaki na nzuri yao. Dada mmoja aliuliza, madhali programu ipo, kama wanaweza kumpunguza na mashavu.

"Nawaambia ni uongo," Mzee Lenzi akamlalamikia mkewe, "wananiambia uongo wenyewe umewapendeza."

Walibandika karatasi kwenye kaunta. Yeye alitamka, mkewe akaandika: Mashine ikigusa sura yako tutakuambia. Baadhi waliisoma wakatabasamu. Baadhi waliisoma wakaenda studio ya pili, ambako hakuna karatasi. Kazi ilipungua, na kuna siku walifunga mlango bila kufungua droo.

Katika siku hizo ndipo shangazi alipokuja, peke yake, nywele zimesukwa upya, mkoba kwapani. Alitaka kupigwa picha. Mzee Lenzi alimsihi angoje. Zamu yake ya hospitali haiko mbali, akipona atampiga picha ya maana.

"Wewe unangoja macho," shangazi akasema. "Mimi sijui nangoja nini. Kaka yangu alikuwa anasema atapiga nzuri baadaye."

Mzee Lenzi akamtazama mkewe, au mahali alipojua mkewe amesimama. Mama Studio alisema watapiga. Aliunganisha kamera na kompyuta kwa waya, hivi kwamba kila kilichoingia kwenye lenzi kilitokea kikubwa kwenye kioo. Akavuta meza hadi ikapita pazia. Mumewe akasimama nyuma ya kamera, mkono kwenye pete ya lenzi yake ya zamani, na yeye akakaa mbele ya kioo.

"Bado," akasema. Mumewe akazungusha. "Bado. Umepita, rudi kidogo. Kidogo tena."

"Mnapiga picha au mnaegesha lori?" shangazi akauliza, na utani wake mwenyewe ukamchekesha, mdomo ukafunguka wote, na pengo likaonekana.

"Sasa," Mama Studio akasema, na mumewe akabonyeza.

Alitoka nyuma ya kamera, akauliza kama wameipata. Mkewe akamwambia wameipata. Shangazi alikuja akasimama nyuma ya kiti. Kila kitu kilikuwepo: mikunjo, pengo, unywele mmoja uliokataa kusukwa. Akauliza kama mashine imegusa. Akaambiwa haijagusa hata kidogo. Akajigusa shavu.

"Nimezeeka namna hii?"

Mzee Lenzi alimwambia kwamba akitaka wanaweza kulainisha kidogo, maadamu wote watatu wanajua. Alilisema bila kubabaika, na mkewe akageuka kumtazama. Shangazi alilifikiria kwa dhati, kama mtu anayechagua kitambaa. Mwishowe akaweka kidole kwenye kioo.

"Hapa chini ya macho," akasema. "Punguzeni. Pengo liacheni."

Mama Studio akapunguza. Mikunjo ikayeyuka, mashavu yakajaa, mwanamke wa kwenye kioo akabaki anacheka na miaka yake imechukuliwa. Shangazi aliinama, akamwangalia. Akaangalia upande huu, akaangalia upande ule.

"Rudisha," akasema. "Huyo ni mdogo wangu, na mimi ni kitinda mimba."

Mama Studio akabonyeza, akarudisha. Mzee Lenzi, ambaye kutoka pale aliposimama asingeweza kuona tofauti, aliuliza kama mikunjo imerudi.

"Imerudi," mkewe akasema.

"Yote?"

"Yote."

Ndipo akaenda, akipapasa ukingo wa meza, kuwasha printa.